Ada Ilipopanda Kilima cha Mabatini

Mabatini ni kata ya Jiji la Mwanza, wilayani Nyamagana, iliyokaa kati ya bonde la Mto Mirongo na majabali ya mlimani. Chini, kando ya barabara iendayo Musoma, kuna maduka, gereji na makondakta wanaoita abiria. Juu, nyumba zimebanana katikati ya mawe, mengine makubwa kuliko nyumba zenyewe, na njia ni ile iliyochimbwa na miguu ya watu. Kwa miaka mingi kila kitu kilipandishwa huko kwa kichwa au kwa mgongo: ndoo za maji, magunia ya mkaa, saruji, mgonjwa aliyeshindwa kutembea. Katikati ya miaka ya 1980 ukaongezeka mzigo mwingine uliokuwa umebebwa na serikali kwa muda mrefu. Ukaitwa ada, ukaitwa mchango, ukaitwa kuchangia gharama.

Ili kuelewa uzito wake, ni lazima kurudi nyuma kidogo, na kufuata barabara hiyohiyo hadi Musoma. Huko, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikaa na kuamua kwamba kila mtoto wa Tanzania awe darasani ifikapo mwishoni mwa 1977. Mpango wa awali ulikuwa kufikia lengo hilo mwaka 1989, lakini wajumbe waliona miaka kumi na mitano ni mingi mno kwa mtoto anayekua leo. Walimu hawakuwepo, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakifanya kazi. Watu wakawaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Madarasa mengine yalikuwa chini ya miti. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikuwa umepita asilimia 90, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri kuliko Tanzania barani Afrika hazikuwa nacho.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa walikuwa wameonja jambo hilo mapema. Kati ya 1968 na 1972, mikoa inayozunguka ziwa ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Wakulima na wavuvi walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, migomba, ng'ombe na nyavu, mambo waliyokuwa wakiyashika kwa mikono yao kila siku. Mwanamke aliyekuwa akibonyeza dole gumba kwenye wino alijifunza kuandika jina lake. Wakati wa uhuru, watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma. Miaka ya katikati ya 1980, serikali ilihesabu kwamba karibu tisa kati ya kumi wanajua.

Kwa upande wa afya, mlango ulikuwa wazi. Zahanati hazikutoza, hospitali za serikali hazikutoza, na mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku watu binafsi kuendesha hospitali kwa faida. Juu ya kilima cha Bugando ilisimama hospitali kubwa iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa 1971 na kutwaliwa na serikali mwaka uliofuata. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, zahanati za vijijini zilipelekewa masanduku ya dawa muhimu kila mwezi kwa msaada wa Denmark na UNICEF. Sanduku lilipofunguliwa, foleni ilikuwa ndefu. Wiki ya tatu lilikuwa limebaki na bandeji na vidonge vichache, na mgonjwa aliambiwa asubiri lijalo.

Kwa hiyo haikuwa pepo. Anayesimulia enzi hiyo kana kwamba kila zahanati ilijaa dawa anawasahau waliorudi nyumbani mikono mitupu. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo vizazi vilivyofuata havikulikuta: mama aliyefika mlangoni hakuulizwa kwanza ana shilingi ngapi.

Kisha hazina ikakauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na Mwanza, mji wa reli na meli, ukabaki na wafanyakazi waliokuja kudai mafao yao kwa miongo kadhaa. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, ng'ambo ya ziwa. Vita ilifika hadi mjini: Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ililenga kuupiga mji wa Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyamapori. Gharama ya vita ilikadiriwa kufikia dola milioni 500. Ikiongezwa bei ya mafuta iliyopaa na bei ya mazao ya nje iliyoanguka, nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia hata malighafi za viwanda vyake. Sabuni ikawa bidhaa ya kupangia foleni alfajiri. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na watu wakatupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo.

Bajeti ya 1984 ndiyo iliyogeuza njia. Ruzuku ya unga wa mahindi iliondolewa. Ada za sekondari, zilizofutwa miaka ya mwanzo ya uhuru, zikarudi. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliitambua mara moja kuwa ni ile kodi ya kichwa ya zamani, ikarudi nayo. Julius Nyerere, aliyekuwa akiuliza hadharani kama nchi maskini ni lazima ziwanyime watoto chakula ili zilipe madeni, aling'atuka 1985. Mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, alitia mkono kwenye makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Ndani ya miezi michache dola moja ilitoka takriban shilingi 17 hadi 40. Bidhaa zikarudi madukani, na wananchi wakampa rais wao jina la Mzee Ruksa. Ni kweli zilirudi. Wengi waliziona kwa macho tu.

Shule za msingi hazikutangaziwa ada kwa kishindo. Mzigo uliingia kidogokidogo, kama maji yanavyopenya bati lililotoboka. Kulikuwa na mchango wa madawati, wa ujenzi, wa mlinzi, wa mitihani. Kulikuwa na sare, viatu, ufagio na jembe la kwenda nalo shuleni. Na kulikuwa na mchango ambao katika miaka ya 1990 ulifikia shilingi 2,000 kwa mwaka, ukaitwa na wazazi kwa herufi tatu tu: UPE. Jina la mpango uliowaingiza watoto wote shuleni bila kulipa likawa jina la malipo. Mtoto alirudishwa nyumbani saa tatu asubuhi akafuate UPE.

Kwa familia yenye mtoto mmoja, 2,000 zilipatikana. Kwa yenye watano, mzazi alikaa jioni akachagua. Mara nyingi alichagua wakubwa walioukaribia mtihani wa darasa la saba, au wavulana, na aliyebaki alipewa ndoo au beseni. Watoto hao walionekana wakiuza karanga, maji ya mifuko na mayai ya kuchemsha, au wakiokota dagaa walioanguka pale samaki wanaposhushwa. Mwanza ilianza kuwa na watoto wanaolala barazani. Mwaka 1992 lilianzishwa mjini humo shirika la Kuleana, lililowapokea watoto wa mitaani na kutetea haki zao. Miaka saba baadaye Kuleana ilitoa taarifa kuhusu hali ya elimu nchini, ikiiita hali hiyo msukosuko. Ni jambo la kukumbukwa kwamba sauti mojawapo iliyokuja kusikika hadi Dodoma na Washington ilianzia kwa watu waliokuwa wakiwapikia uji watoto wa mitaa ya Mwanza.

Takwimu zilikubaliana na macho. Uandikishaji uliokuwa umepita asilimia 90, ukihesabu wanafunzi wa umri wowote, ulishuka hadi kukaribia 75. Mwaka 2000, kati ya kila watoto 100 wa umri wa kwenda shule ya msingi, wapatao 59 tu ndio waliokuwa darasani.

Wakati huohuo akina baba walikuwa wakipoteza mishahara. Katika mpango wa kupunguza watumishi wa serikali ulioanza miaka ya mwanzo ya 1990, zaidi ya watu 50,000 waliondolewa kazini. Mashirika ya umma yakawekwa sokoni. Kiwanda cha nguo cha MWATEX, ambacho king'ora chake cha zamu kilikuwa saa ya mji, kikafifia na kusimama. Ajira mpya ilikuwa ya samaki. Viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa ufukweni, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wakanunua kilichobaki: kichwa na mifupa, mapanki. Wanawake waliyakaanga kandokando ya njia, na kwa faida ya mapanki wakalipa UPE, wakalipa kodi ya nyumba, wakanunua dawa. Gharama iliyoondoka kwenye vitabu vya wizara haikuyeyuka. Ilihamia kwenye karai la mafuta ya moto, na kwenye usiku wa mwanamke aliyekuwa akilala saa sita na kuamka saa kumi.

Julai 1993 ikawa zamu ya hospitali. Uchangiaji ulianza katika hospitali za rufaa, ukashuka hadi za mikoa, kisha za wilaya, na hatimaye ukafika vituo vya afya na zahanati. Sera haikuandikwa na watu wasio na huruma. Iliwasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na maradhi ya akili. Iliweka pia msamaha kwa maskini: asiye na uwezo apate barua ya serikali ya mtaa, aende kwa ofisa ustawi wa jamii, atibiwe bila kulipa.

Tazama jinsi barua hiyo ilivyopatikana. Mgonjwa, au nduguye, alianza kwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye huenda alikuwa shambani. Kutoka kwa mjumbe alishuka hadi ofisi ya mtendaji kutafuta mhuri. Hapo alitakiwa aseme, mbele ya majirani waliokaa kwenye benchi, kwamba hana kitu. Kwa mila za Wasukuma, kama ilivyo kwa makabila mengi ya Ziwa, mtu mzima hatamki neno hilo kirahisi. Akishatamka, alipanda daladala kwenda hospitali, na huko aliambiwa dawa hazipo, anunue nje. Msamaha haukuwa na nguvu katika duka la dawa. Tafiti nyingi za miaka hiyo zilionyesha kwamba maskini wengi hawakujua kuwa msamaha upo, na waliojua waliupata kwa shida.

Ndipo daftari likawa chombo cha matibabu. Mgonjwa alifika na daftari la shule, la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mganga aliandika humo dalili na dawa. Nyumba nyingine zilikuwa na daftari moja tu la akiba, na daftari hilo lilitakiwa na mtoto mwenye homa na mtoto mwenye zoezi la hesabu.

Waliotetea uchangiaji walikuwa na hoja, na ni haki kuieleza. Mwaka 1992 Brian Abel-Smith, msomi wa Uingereza aliyeishauri serikali, alichapisha pamoja na mwenzake utafiti ulioonyesha kwamba huduma iliyoitwa ya bure haikuwa ya bure: watu walikuwa tayari wanatumia fedha kwa nauli, chakula na dawa za kununua. Bora, wakasema, walipe kidogo hapohapo kituoni na dawa zipatikane. Benki ya Dunia ilikuwa imependekeza njia hiyo tangu 1987. Kasoro ilikuwa katika sehemu ya pili ya ahadi. Malipo yalifika kwa wakati. Dawa hazikufika kwa kiwango kilichoahidiwa. Na shilingi mia tano ya mwenye mshahara na shilingi mia tano ya muuza mapanki si fedha ileile.

Mkoa wa Mwanza wenyewe ulikuwa umeonyesha nini kinawezekana. Kati ya 1991 na 1994, utafiti mkubwa uliofanyika katika jamii 12 za mkoa huo ulitoa mafunzo kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya kawaida, ukahakikisha dawa za magonjwa ya zinaa hazikatiki. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40. Hakukuwa na jengo jipya la ajabu. Kulikuwa na mhudumu anayejua kazi, kabati lenye dawa na mlango usiotoza. Matokeo yalichapishwa 1995, wakati wenye homa za kawaida walikuwa wanahesabu sarafu kabla ya kuondoka nyumbani.

Mabadiliko yalipokuja, yalitoka pande mbili. Ndani ya nchi, mashirika ya elimu yaliungana, makanisa na misikiti ikadai nchi ipunguziwe madeni, na wazazi waliacha tu kulipa. Nje, wanaharakati wa kufuta madeni walifika hadi kwenye Bunge la Marekani, ambalo mwaka 2000 lilipitisha sharti kwamba Marekani ipinge mikopo ya Benki ya Dunia inayolazimisha ada za elimu ya msingi na huduma za afya ya msingi. Juni 2001 Waziri wa Fedha wa serikali ya Benjamin Mkapa, Basil Mramba, alisimama bungeni na kutangaza kwamba ada ya shule ya msingi imefutwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza. Novemba mwaka huo Tanzania ikapata nafuu kubwa ya madeni.

Kilichotokea katika miezi ya uandikishaji hakikuhitaji mtaalamu kukifafanua. Wazazi walijaa shuleni na watoto wa miaka saba, tisa, kumi na mbili. Kijana mwenye sauti iliyoanza kuvunjika alikaa benchi moja na mdogo wake, wakafundishwa pamoja kuandika a, e, i, o, u. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilitoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa ya watoto mia moja yakawa jambo la kawaida mijini. Watoto waliovuka umri walifunguliwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo nayo ilifutwa, na mgambo wakaacha kuwadai watu stakabadhi barabarani.

Hospitali haikuifuata shule. Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilifuta malipo katika vituo vya afya vya serikali Machi 2001, na wagonjwa wakafurika. Tanzania ilibaki na uchangiaji, ikajaribu kuulainisha kwa bima. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliojaribiwa Igunga mwaka 1996, uliwekewa sheria 2001. Watumishi wa serikali wakapata bima yao mwaka huohuo. Muuza mapanki hakuwa mtumishi. CHF iliyoboreshwa ilipoenezwa nchini 2018, kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka, mara moja. Kwa anayepata kipato cha siku kwa siku, elfu thelathini za mkupuo ni mlima mwingine. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, inayotaka wasio na uwezo walipiwe kupitia mfuko maalumu. Swali la zamani la Mabatini limo ndani ya sheria hiyo mpya: nani ataandika kwamba huyu hana uwezo, na atalazimika kulisema mbele ya nani?

Shuleni nako ada ilirudi kwa mlango wa nyuma, kwa jina la michango, hadi Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Serikali ya John Magufuli ilianza kupeleka takriban shilingi bilioni 18.77 kila mwezi. Mwaka 2022 ada za kidato cha tano na sita zikafuata. Ni hatua kubwa, na anayezidharau hajawahi kuona mtoto akirudishwa nyumbani. Lakini fedha ya ruzuku kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka tangu wakati wa MMEM, ilipokuwa sawa na kama dola 10. Ada ilipofutwa tena 2016, kiwango kilikuwa kilekile, na shilingi hizo zilikuwa hazifikii dola 5. Chaki ilikuwa imepanda bei, karatasi imepanda. Mwalimu mkuu aliyekatazwa kuomba mchango alibaki na tundu la choo lililojaa na stakabadhi isiyotosha kulizibua.

Kisha kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mfuko huo ulioanza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa na visima uligeukia ruzuku za fedha, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 mpango wa kunusuru kaya maskini ulikuwa umeandikisha kaya zaidi ya milioni moja. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ililenga kufikia vijiji na mitaa iliyoachwa. Sehemu ya fedha ilitolewa kwa masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa wahudhurie shule. Serikali iliyomtoza mama mlangoni ikaja kumlipa ili aingie. Wengi wa walengwa walikuwa wanawake.

Siku ya malipo, kabla fedha hazijaanza kupitia simu, walengwa waliketi kwenye mabenchi au juu ya mawe nje ya ofisi ya mtaa, kanga mabegani, vitambulisho mikononi. Jina lilisomwa, mtu akasogea mezani. Wengine walichukua kalamu na kuandika majina yao kwa herufi kubwa zilizonyooka: hao ni bibi waliosoma katika madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970. Wengine, wenye umri wa kuwa binti zao, waliozaliwa ada ilipokuwa inapanda kilima, walinyoosha dole gumba, wakalibonyeza kwenye kidau cha wino wa buluu, kisha kwenye karatasi. Walifuta kidole kwa pindo la kanga, wakahesabu noti, wakashuka hadi barabarani kununua daftari.